Tulimzika Pungufu

Kaka yangu Chong Neng alianguka kiwandani mchana kweupe, katikati ya mashine za kukatia vioo vya madirisha, wenzake wakimwona. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, mwili kama gogo, hajawahi kulazwa hospitali. Aliyekuwa karibu naye anasema Chong Neng alimwomba bisibisi, na kabla hajapewa akakaa chini kama mtu aliyechoka, kisha akalala ubavu. Basi. Gari la wagonjwa lilimkuta keshakwenda.

Katika jimbo letu mtu akifa ghafla namna hiyo, maiti si yenu tena. Si ya mkewe, si ya mama yake, si ya ukoo. Ni ya daktari wa vifo wa kaunti mpaka yeye mwenyewe aseme amemaliza nayo. Mimi sikulijua hilo. Nimezaliwa hapa Marekani, nimesoma shule za hapa, wazee wetu wa Kihmong waliokimbia vita Laos wakienda hospitali mimi ndiye ninayewatafsiria, na bado sikulijua. Nani anaamka asubuhi akasoma sheria za maiti?

Tulikwenda ofisini kwake siku hiyo hiyo. Nilikuwa mimi na mama yetu, Yer. Na wifi yangu Mee, mke wa Chong Neng, ambaye alikuwa bado na nguo zake za kazi. Na baba mdogo Nhia Tou, mkubwa wa ukoo wetu wa Moua hapa mjini. Daktari wa vifo, Dakta Halvorsen, alitoka mwenyewe kutupokea. Mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya aliyezoea kusema na waliofiwa. Akatupa pole. Akatupa na kahawa.

"Tunakuomba usimpasue," baba mdogo akamwambia, nami nikatafsiri. "Kwetu sisi, mtu akikatwa baada ya kufa, huzaliwa tena na jeraha lile lile. Dini yetu haikubali."

"Naelewa kabisa," Dakta Halvorsen akasema.

Mama akanigusa kiwiko. "Kasemaje?"

"Kasema anaelewa."

"Basi amtoe twende naye."

Lakini daktari alikuwa hajamaliza. "Sheria hainiachii nafasi," akasema. "Mtu mzima mwenye afya, amekufa ghafla, tena kazini. Ni lazima nijue kilichomuua. Majimbo mengine yana kifungu kinachoheshimu pingamizi la dini. Sisi hapa hatuna."

Mee alikuwa ameinama tangu tuingie. Akainua uso. "Kama ni lazima, mtamrudisha mzima? Kila kitu chake?"

"Atarudi kwenu akiwa ameshonwa vizuri. Hamtaona kitu."

Nilipomtafsiria mama, aliweka kikombe chini. "Mwambie hatukuuliza tutaona nini. Tumeuliza kama kila kitu kitarudi."

"Ndiyo," Dakta Halvorsen akajibu. "Kitarudi."

Alisema hivyo. Nilikuwepo, nikasikia kwa masikio yangu, nikamgeukia mama yangu nikamwambia kwa lugha yetu: kasema kitarudi.

*

Tulimfanyia Chong Neng msiba wa kwetu, siku nne. Ndugu walitoka St. Paul na wengine wakapanda ndege kutoka Fresno. Wanaume walimwosha, wakamvika nguo za katani bila kifungo wala zipu, kwa maana chuma na vitu vigumu haviruhusiwi kwenda na marehemu. Baba mdogo alipotoka chumba cha kuoshea alikuwa kijivu usoni. Aliona mshono umezunguka kichwa kutoka sikio hadi sikio. Hakutuambia wanawake. Kwa nini atuambie? Tulikuwa tumeahidiwa.

Mwonyesha njia, mzee anayewaongoza wafu kwa nyimbo, akakaa kando ya jeneza akaimba safari ya roho. Roho ya marehemu hurudi nyuma, nyumba kwa nyumba, kila mahali ilipopata kulala, inaaga na kushukuru, hadi ifike pale ilipozaliwa. Hapo huchimbua kondo lake la nyuma lililozikwa siku ile, ambalo ndilo shati lake la kwanza, hulivaa, ndipo huweza kwenda kwa wazee. Kondo la Chong Neng liko kambi ya wakimbizi, Thailand. Mama alimzaa huko baada ya kuuvuka mto Mekong kutoka Laos na mimba kubwa, baba akimvuta kwa fungu la mianzi, risasi zikipiga maji. Alilizika kondo kwa mikono yake, chini ya nguzo ya kibanda chao. La kwangu mimi lilitupwa na hospitali ya hapa kabla mama hajazinduka usingizi wa dawa. Hilo nalo hakuulizwa.

Zumari za mianzi zikalia, ngoma ikapigwa, ng'ombe wakachinjwa, tukamzika Jumatatu kwenye ardhi iliyoanza kuganda.

Baridi nzima mama hakulala vizuri. Alikuwa anamwota Chong Neng amesimama mlangoni, hana kofia, anasema, "Mama, kichwa kinanipiga baridi." Mama alimfumia kofia ya sufu nyeusi akaenda kuichoma makaburini ili imfikie. Ndoto haikukoma. Nilimpeleka kwa daktari wake wa kawaida, akampa dawa ya presha.

*

Simu ilikuja theluji ilipokuwa inayeyuka. Nilikuwa kazini, jikoni mwa shule, nimeshika sinia ya viazi. Ni msichana, mwenye sauti ya furaha kidogo, kama wale wanaokukumbusha miadi ya meno.

"Naongea na familia ya Bwana Moua? Napiga kutoka ofisi ya daktari wa vifo. Sasa uchunguzi wetu umekamilika, tungependa kujua mnataka tufanye nini na ubongo."

Nikamwambia amekosea namba.

"Chong Neng Moua? Mmoja wenu anaweza kuja kuuchukua, ama sisi tutauteketeza na vingine. Hamtatozwa chochote."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka mkuu wangu wa jikoni akininyang'anya sinia kwa sababu nilikuwa namwaga viazi sakafuni.

Kumwambia Mee kulikuwa kugumu. Kumwambia mama kulikuwa kama kumpiga kofi. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono imeshika aproni. Kisha akasema taratibu, "Nilikwambia anasikia baridi kichwani. Nawe ukaniletea vidonge."

"Mama, mimi—"

"Sikulaumu wewe. Vaa koti."

Dakta Halvorsen alitupokea tena, safari hii bila kahawa. Alieleza kwamba ubongo ni laini mno, haukatiki vizuri ukiwa mbichi. Lazima ukae kwenye dawa majuma kadhaa uwe mgumu, ndipo uchunguzwe. Baada ya hapo ulipelekwa chuo kikuu madaktari wanafunzi wausome, ukarudi, ukasubiri zamu. Alisema hivi kwa utulivu, kama fundi anayeeleza kwa nini gari limechelewa gereji.

"Na ni nini kilichomuua mume wangu?" Mee akauliza.

"Moyo. Mshipa mkubwa wa moyo ulikuwa umeziba."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile ya upasuaji."

Nilitafsiri. Mama akamtazama daktari. "Muulize hivi. Kama alijua ni moyo, kichwa alikitakia nini?"

"Ni utaratibu wa ofisi yangu," akasema. "Kwa vifo vyote vya ghafla vya watu wa umri huo. Unasaidia elimu."

"Na nani anaulizwa?"

Daktari akavuta pumzi. "Sheria haitulazimishi kumjulisha mtu."

"Ulituambia kila kitu kitarudi," nikasema. Hilo halikuwa la mama, lilikuwa langu.

"Nilimaanisha mwili. Mwili ulirudi."

Mama akataka kumwona mwanawe. Alisema hivyo, mwanangu, hakusema ubongo. Msaidizi akaleta ndoo nyeupe ya plastiki yenye kifuniko, jina limebandikwa ubavuni. Mama analima matango na kuyatia kwenye siki, huuza sokoni kila Jumamosi kiangazi chote. Ana ndoo kama hizo kumi na zaidi barazani kwake.

"Hii ni ndoo ya achari," akasema.

Msaidizi akaiweka mezani.

"Mwambie mimi sibebi mwanangu kwenye ndoo ya achari, nikamweke kiti cha nyuma cha gari. Yeye ndiye aliyemtoa mahali pake. Yeye ndiye atakayemrudisha."

Kumrudisha maana yake kufukua kaburi, na kufukua kaburi kunahitaji saini ya daktari wa vifo. Halvorsen alisema hana tatizo kusaini, ila ampigie kwanza mwanasheria wa kaunti. Alipomaliza kuzungumza na simu, tatizo lilikuwa limepatikana. Kesho yake mwanasheria huyo, kijana anaitwa Prentice, alitueleza kwa adabu zote. Kaunti inatupa pole. Hakuna sheria iliyovunjwa. Daktari akisaini kaburi lifunguliwe, ni kama kaunti imekiri kosa, na kosa halipo. Tukitaka tuuchukue ubongo tuuzike kando ya kaburi. Familia nyingi, alisema, huona hilo linatosha.

"Familia zipi?" nikamuuliza.

Akasema hawezi kutaja.

Tulipofika nyumbani baba mdogo akakaa, akavua viatu, akasema, "Kwa hiyo mwizi akiiba mbuzi, ukimdai anakwambia nikikurudishia nitakuwa nimekiri kwamba niliiba."

"Usinichekeshe, shemeji," mama akamwambia. "Nina hasira, sitaki kuipoteza."

*

Baraza la kaunti hukutana jioni, mara moja kwa mwezi, na mwananchi yeyote ana ruhusa ya kusimama aseme kwa dakika tatu. Tulijiandikisha. Mwenyekiti wao, muuza matrekta mwenye kichwa kipara, alipoona mama yangu anasogelea kipaza sauti na mimi nyuma yake, akasema, "Mkalimani atatumia muda huo huo. Dakika tatu kwa jumla."

Nikamnong'oneza mama. Hesabu ilikuwa rahisi: nusu yake, nusu yangu.

"Wewe kaa," mama akasema. "Nitasema zote tatu."

"Hawatakuelewa."

"Na wanitazame basi."

Akasema. Mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, kilemba cha zambarau, kiatu cha theluji kimoja kimefunguka kamba, akasema na wanaume na wanawake wale kwa Kihmong dakika tatu nzima bila kushusha macho. Hakupiga kelele. Wengine walitazama makaratasi. Mmoja alianza kutazama simu, mama akanyamaza mpaka alipoiweka chini, kisha akaendelea. Kengele ikalia.

"Asante, mama," mwenyekiti akasema. "Kwa bahati mbaya hatukuelewa—"

"Jina langu ndilo linalofuata," nikasema.

Ukumbi ukacheka kidogo. Nyuma yetu walikuwa wamekaa Wahmong wa mji mzima, maana baba mdogo alikuwa amepiga simu ukoo kwa ukoo, na kila mtu mwenye ulimi alikuwa amejiandikisha. Mwenyekiti alitazama majina yaliyokuwa mbele yake, akatazama saa ya ukutani, akanipa ishara nianze.

"Mama yangu anasema hivi," nikaanza. "Anasema, mimi naitwa Yer Lor. Mtoto huyu nilimvusha mto akiwa tumboni, wanajeshi wakitupiga risasi. Sikumvusha ili aje agawanywe. Anasema, siku aliyokufa mliniuliza kama nataka kahawa. Mkaniuliza kama nataka sukari. Mkaniuliza kama nina gari la kunirudisha nyumbani. Hamkuniuliza juu ya kichwa cha mwanangu. Anasema, kama ni elimu mlikuwa mnatafuta, mngeomba. Pengine tungekataa. Lakini mngeomba, na mimi ningejua ninayemzika ni nani na amebaki wapi. Anasema, mwanangu ameimbiwa safari ya kurudi kwao, na yeye hawezi kwenda, kwa sababu mnaye kwenye ndoo. Anasema, mfungueni."

Mimi si mtu wa kulia hadharani. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba machozi yalinikimbia.

Prentice akaomba nafasi. Akasema baraza linaweza kujisikia vibaya, na yeye pia anajisikia vibaya, lakini lazima likumbuke kwamba sheria iko wazi. Akaisoma: daktari wa vifo anaweza kupasua maiti pale anapoona inafaa, na anaweza kubakisha sehemu yoyote ya mwili kwa kadiri inavyohitajika ili kujua sababu ya kifo.

"Rudia hapo mwanzo," nikasema, ingawa muda wangu ulikuwa umekwisha.

"Daktari wa vifo anaweza kupasua—"

"Anaweza, au ni lazima?"

Prentice akatazama karatasi kana kwamba neno lingebadilika. "Anaweza."

"Yeye alituambia ni lazima. Alituambia sheria haimwachii nafasi."

Watu wakageuka kumtazama Halvorsen, aliyekuwa amekaa safu ya kwanza, suti ya kijivu, mikono magotini. Ndipo Mee akasimama. Wifi yangu huyo, nimekaa naye miaka, hajawahi kusema mbele ya watu zaidi ya kumi. Alikuwa wa tatu kwenye orodha. Alisema kwa Kiingereza chake mwenyewe, kilichovunjika, na hakukubali nimsaidie.

"Kubakisha, ili kujua sababu ya kifo. Sababu ni moyo. Alijua siku ya kwanza. Kaniambia mwenyewe. Sasa, kichwa cha mume wangu, kilibaki kwa sababu gani?"

"Kinachohitajika," Prentice akasema, "ni kwa maoni ya daktari."

"Maoni ya nani?"

"Ya daktari wa vifo."

"Yeye achukue, yeye aseme inahitajika, yeye aseme kosa hakuna." Mee akahesabu kwa vidole, akavionyesha. "Mimi niko kidole gani?"

Nilidhani hapo ndipo palipokuwa kilele, na kwamba sasa watatuambia asanteni, tutalifikiria. Lakini mwanamke mmoja akasimama karibu na mlango. Hakuwa mtu wetu. Mama wa Kizungu mnene, koti la shambani, buti zina tope. Alikuwa amekuja kulalamika kuhusu mtaro wa barabara. Namjua kwa sura kutoka sokoni. Huuza jibini meza ya tatu kutoka ya mama.

"Naitwa Lorraine Zastrow," akasema. "Trekta ilimpindukia mume wangu Dale miaka sita iliyopita. Alikandamizwa kifua. Kila mtu aliona kilichomuua, hata ng'ombe waliona. Mkampasua hata hivyo. Sikusema kitu, nilidhani ndiyo sheria." Akamgeukia Halvorsen. "Nataka huyo bwana aniambie kama nilimzika Dale mzima."

Halvorsen hakuinuka.

"Dakta," mwenyekiti akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, si ya muuza matrekta tena. "Ni wangapi?"

"Sina takwimu hapa."

"Kwa makisio."

"Itabidi niangalie."

Mwanamume mmoja upande wa pili akasimama. Kisha mzee na mkewe wameshikana mikono. Hawakungoja kuitwa. Mtoto wetu alizama ziwani. Dada yangu alijiua. Baba alikufa bafuni. Kila mmoja na swali lile lile, na kila mmoja anamtazama mtu yule wa suti ya kijivu, ambaye sasa alikuwa anasugua magoti. Mama akanivuta mkono. "Wanasema nini wote hawa?"

"Wanauliza na wao wamezika nini."

Mama akawatazama kwa mshangao. "Kumbe hata wenzao hawawaulizi?"

*

Baraza lilipiga kura usiku ule kaburi lifunguliwe kwa gharama ya kaunti. Prentice akasisitiza yaandikwe maneno "bila kukiri kosa lolote," na yakaandikwa. Niliambiwa nishukuru kwamba tumepata tulichotaka. Sikushukuru.

Tulifungua Juni, asubuhi, nyasi zina umande. Mama alishika neno lake: ilibidi Halvorsen mwenyewe awepo, na alikuja. Baba mdogo hakutaka ile ndoo ifike kaburini, kwa hiyo tulikwenda na kitambaa cha katani alichofuma shangazi yangu wa Fresno, na palepale kwenye gari la kaunti daktari akauhamishia ubongo ndani ya kitambaa kile, mikono imevaa glovu, mama amesimama mbele yake anamwangalia kama mtu anayehesabiwa chenji. Kisha daktari akateremka shimoni na wanaume wawili wa ukoo, mtu wa miaka sitini na zaidi, suruali nzuri, akauweka pale unapopaswa kuwa. Alipopanda juu alikuwa anatweta. Alisema kitu kwa sauti ndogo.

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Kasema anasikitika kwa usumbufu tulioupata."

Mama akaliwazia neno hilo. "Usumbufu ni mbuzi kula mboga zako," akasema. Hakutaka nilitafsiri. Akampa mgongo, akamwashiria mwonyesha njia aanze, na safari ikaimbwa upya yote, kutoka nyumba ya hapa mjini hadi chini ya nguzo ya kibanda ambacho leo hakipo, na safari hii mwonyesha njia alipofika kwenye shati, mama aliinama akaimba naye, jambo ambalo wanawake hawafanyi. Hakuna aliyemkataza.

Ndoto zilikwisha? Mama anasema zilikwisha. Mee anasema mama bado anaongea usingizini, ila hamgombezi mtu tena.

Mwaka huo huo kaunti ilipitisha kanuni kwamba familia lazima ijulishwe kabla kiungo chochote hakijabakishwa, na iulizwe irudishiwe namna gani. Aya moja tu, unaweza kuisoma chai ikiwa bado moto. Sheria ya jimbo haijaguswa. Ukivuka mpaka wa kaunti yetu, ukifia kaunti ya jirani, ni "anaweza" ile ile na maoni ya daktari yale yale. Halvorsen alistaafu msimu wa baridi. Gazeti lilitoa picha yake na keki kubwa, miaka mingi ya kuitumikia jamii. Hakuna mstari hata mmoja uliosema juu ya rafu ya ndoo nyeupe ofisini kwake, ambayo walipoihesabu hatimaye ilikuwa na watu wengi kuliko wanaokaa mtaani kwangu.

Dale Zastrow hakuwemo. Walimwandikia Lorraine kwamba moyo wa mumewe na ubongo wake vilibakishwa, kisha vikateketezwa baada ya mwaka mmoja pamoja na taka za hospitali, kwa mujibu wa utaratibu. Alikuja na habari hiyo sokoni, hana jibini siku hiyo, akasimama mbele ya meza yetu hajui amwambie nani. Nikamweleza mama.

Mama alifunga meza yake saa hiyo hiyo, matango yamejaa. Akaniambia nimpeleke nyumbani kwanza. Alichinja kuku, akamchemsha kwa mchaichai na majani yake ya bustanini, akapika na wali wa kunata, tukaendesha hadi shamba la Zastrow. Lorraine alitufungulia mlango macho yamevimba. Wale wawili hawana lugha ya pamoja hata ya kuombana chumvi. Mama akaweka sufuria mezani, akatafuta mabakuli mwenyewe kabatini kama yuko kwake, akapakua.

"Muulize," akaniambia, "moto ule ulikuwa wapi. Mahali gani hasa walipochomea."

"Mama, hilo si la kumuuliza sasa."

"Muulize. Mtu lazima ajue pa kuanzia kuiita roho."

Nikauliza. Lorraine akafuta pua kwa mkono wa koti. Akasema ni kule nyuma ya hospitali ya kaunti, kuna bomba refu la moshi, analiona kila akienda mjini. Mama akaitikia kwa kichwa, akamsogezea bakuli, akamwambia kwa Kihmong ale, kesho watakwenda wote wawili.

"Kasemaje?" Lorraine akauliza.

Nikamwambia. Akashika kijiko.